Kesi za uhalifu wa kimataifa zikiwa mahakamani kwetu: jumuiya ya kikanda ianzie wapi

Nawaandikia maofisa wa sheria walioko kwenye sekretarieti za jumuiya za kikanda, wabunge wa mabunge ya jumuiya hizo, na mawakili wa mashirika ya kiraia wanaowasukuma. Mimi ni wakili wa waathiriwa. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukaa nyuma ya mwendesha mashtaka nikiwa na orodha ya watu waliochomewa nyumba, waliobakwa, waliopotelewa na ndugu, kisha kutoka nje kuwaeleza kwa nini kesi imeahirishwa tena. Mara nyingi tatizo halikuwa hakimu. Shahidi alikuwa ng'ambo ya mpaka. Kielelezo kilikuwa kwenye kabati la polisi wa nchi jirani. Fungu la kumlipa mkalimani lilikuwa limekwisha. Hayo ndiyo mambo ambayo jumuiya inaweza kuyaondoa njiani, na ndiyo ambayo matamko ya wakuu wa nchi hayayagusi.

Nitaeleza kazi hiyo kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeufuata. Mifano mingi ni ya Afrika, kwa kuwa huku njia nyingi zimeshajaribiwa na matokeo yake yanaonekana.

Jumuiya isikimbilie kujenga mahakama yake

Mkataba wa Roma, uliopitishwa Julai 1998 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, unaiachia nchi yenyewe jukumu la kwanza la kushtaki mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Kwa mujibu wa ibara ya 17, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) haiichukui kesi ambayo nchi inaipeleleza au kuiendesha, ila pale nchi hiyo inapokosa nia ya kweli au inapokosa uwezo. Ukiisoma ibara hiyo ukiwa ofisa wa jumuiya, utaona imekwishakupangia kazi: uwezo unaweza kuongezwa, na nia inaweza kubanwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba jumuiya zikikerwa na ICC huanza na wazo la mahakama mpya. Aprili 2012, kesi za ghasia za uchaguzi wa Kenya zikiwa ICC, The Hague, Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka zihamishiwe Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, mahakama ambayo haikuwa na mamlaka ya jinai. Mwezi uliotangulia, kitengo cha rufaa cha mahakama hiyohiyo kilikuwa kimelitupa shauri la mateso na mauaji ya Mlima Elgon nchini Kenya, kwa sababu lilifunguliwa nje ya miezi 2 inayoruhusiwa na mkataba wa jumuiya. Mwaka 2014 Umoja wa Afrika ukapitisha Itifaki ya Malabo, inayokusudia kuipa mahakama ya bara mamlaka ya jinai. Itifaki hiyo inahitaji kuridhiwa na nchi 15 na bado haijaanza kutumika, na ibara yake ya 46A bis inawakinga marais walioko madarakani. Miaka yote hiyo wateja wangu walikuwa wanazeeka, wengine wanakufa, na mafaili yao yako palepale.

Kwa hiyo weka wazo la mahakama mpya pembeni. Chukua kesi ambazo tayari zina namba kwenye masjala za mahakama za nchi wanachama, uulize kila moja imekwama wapi. Majibu yatafanana kuliko unavyodhani.

Sheria iliyochelewa

Kesi ya Thomas Kwoyelo inafaa kusomwa na kila anayeandika sheria hizi. Alikuwa kamanda wa LRA, kundi la waasi wa Uganda. Alikamatwa 2009 huko Kongo, akafikishwa mbele ya kitengo maalumu cha Mahakama Kuu ya Uganda, mjini Gulu, mwaka 2011. Wakati huo Uganda ilikuwa na sheria yake ya kutekeleza Mkataba wa Roma, iliyotungwa 2010, lakini matendo aliyoshtakiwa nayo yalikuwa ya kabla ya hapo. Waendesha mashtaka wakalazimika kuanza na Sheria ya Mikataba ya Geneva ya 1964, iliyotungwa kwa kufikiria zaidi vita vya nchi na nchi, pamoja na makosa ya kawaida ya sheria ya adhabu. Juu ya hayo kulikuwa na Sheria ya Msamaha ya 2000. Septemba 2011 Mahakama ya Katiba ilisema anastahili msamaha kama waasi wenzake waliokwisha kuupata. Aprili 2015 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Agosti 2024 alikutwa na hatia kwa makosa 44, na Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka 40. Tangu akamatwe ilikuwa imepita miaka 15.

Kenya nayo iliridhia Mkataba wa Roma 2005, ila sheria yake ya makosa ya kimataifa ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2009. Ghasia za baada ya uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100 zilikuwa zimemalizika Februari 2008. Senegal ilirekebisha sheria zake 2007 ili imshtaki Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad aliyekuwa amekimbilia huko, na Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, ikasema 2010 kwamba kumhukumu katika mahakama za kawaida kwa sheria hiyo mpya ni kuitumia sheria kwa matendo yaliyotendwa kabla yake. Kwa kila nchi, tarehe ya sheria ndiyo iliyowaumiza waathiriwa.

Jumuiya iandike sheria ya mfano, iipeleke kwa waandishi wa sheria wa kila nchi mwanachama ikiwa na maelezo ya kila kifungu, kisha imtume mtu akakae nao mpaka muswada uingie bungeni. Huhitaji kuanza upya. Umoja wa Afrika ulitoa sheria ya mfano mwaka 2012 kuhusu kuhukumu uhalifu wa kimataifa popote ulipotendwa, na Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu (ICGLR) una itifaki ya 2006 ya kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Mimi nikipewa rasimu, naanza kutafuta haya:

- Kifungu cha muda. Kiseme wazi kwamba tendo lililokuwa uhalifu chini ya sheria ya kimataifa wakati lilipotendwa linaweza kushtakiwa, hata kama sheria ya nchi ilikuja baadaye. Msingi wake upo kwenye ibara ya 15(2) ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaliruhusu hilo katika ibara ya 50(2)(n). Kikikosekana, wakili wa utetezi atalitumia pengo hilo siku ya kwanza, na atakuwa anafanya kazi yake vizuri.
- Wajibu wa kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, na asiwazuie walio chini yake. Sheria nyingi za adhabu zinamjua mtendaji na msaidizi wake tu.
- Msamaha wa jumla usiyafikie makosa haya, na yasiwe na ukomo wa muda.
- Mahakama iruhusiwe kupokea ushahidi uliochukuliwa na hakimu wa nchi nyingine mwanachama. Hiki ndicho husahaulika kuliko vyote.

Ombi la ushahidi linavyosafiri

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi nyingi zinapofia.

Mpelelezi anamtaka shahidi aliyekimbilia nchi jirani. Anaandika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Mkurugenzi anapeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, naye anaipeleka Wizara ya Mambo ya Nje. Wizara inaikabidhi ubalozi, ubalozi unaiwasilisha kwa wizara mwenzake, kutoka huko inashuka wizara ya sheria, kwa mwendesha mashtaka, hadi kituo cha polisi kilicho karibu na kambi ya wakimbizi. Kila meza ina mhuri wake na barua yake ya kusindikiza. Niliwahi kuona ombi lililozunguka hivyo likarudishwa likiwa halijafunguliwa zaidi ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu viambatisho havikuwa vimetafsiriwa kwa lugha ya nchi iliyoombwa. Lilipotumwa tena, shahidi alikuwa ameshahamishwa kambi. Mwanamke yule ndiye peke yake aliyewaona waliotoa amri.

Umoja wa Ulaya ulilikabili jambo hili mwaka 2002 kwa kumtaka kila mwanachama ateue mtu wa kuwasiliana naye kuhusu kesi za mauaji ya kimbari na uhalifu wa kivita. Mtandao huo una sekretarieti yake ndani ya Eurojust, wakala wa Umoja wa Ulaya wa ushirikiano wa kimahakama ulioko The Hague, na waendesha mashtaka wake hukutana kila mwaka wakizungumzia kesi zilizoko mezani. Mwaka 2018 Ufaransa na Ujerumani ziliunda timu moja ya upelelezi kuhusu uhalifu wa Syria, na Januari 2022 mahakama ya Koblenz, ambayo ni mahakama ya Ujerumani, ilimhukumu ofisa wa zamani wa ujasusi wa Syria, Anwar Raslan, kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Tangu 2023 Eurojust ina kanzidata ya ushahidi wa makosa haya, ili shahidi aliyekwisha hojiwa nchi moja asihojiwe tena na tena kwingine. Naliheshimu sana hilo la mwisho. Mtu aliyebakwa akisimulia mara ya nne kwa mpelelezi wa nne, maelezo yatatofautiana hapa na pale, na kila tofauti itasomwa mahakamani kama uongo.

Maziwa Makuu pia tuna msingi: itifaki ya ICGLR ya 2006 ya ushirikiano wa kimahakama, na mtandao wa waendesha mashtaka wa nchi za kanda ulioundwa 2016. Ukiwa sekretarieti, hakikisha kwanza kwamba kila nchi imetoa jina la mtu, si jina la idara, na kwamba mtu huyo akihamishwa mrithi wake anatajwa haraka. Weka namba zao za simu kwenye karatasi moja na uisambaze upya kila robo mwaka. Kisha zipatie ofisi za mashtaka fomu moja ya ombi. Mimi ningeitaka iwe na mambo haya, kwa utaratibu huu:

Maelezo ya kesi yasizidi nusu ukurasa, yakitaja nani anashtakiwa, kwa tendo gani, wapi na lini. Kifungu cha sheria kinakiliwe neno kwa neno, kisitajwe kwa namba tu. Kinachoombwa kielezwe kwa udogo wake: “mhojini shahidi huyu juu ya usiku wa tukio na aliowatambua” ni ombi linalotekelezeka, lakini “tupatieni ushahidi wote unaohusu kundi hili” litawekwa chini ya rundo. Ieleze namna ushahidi unavyotakiwa kuchukuliwa ili upokelewe kwenu: kama shahidi aapishwe, nani awepo, kama kila ukurasa utiwe sahihi, na mkalimani aapishwe vipi. Weka tarehe na sababu ya tarehe hiyo, kwa mfano siku ya kusikilizwa kesi au dhamana inayokaribia. Taja kipi ni siri. Malizia na jina na simu ya ofisa anayeweza kujibu swali leoleo.

Hilo la namna ya kuchukua ushahidi lina uzito kuliko linavyoonekana. Kanda yetu imegawanyika kati ya nchi zenye mapokeo ya sheria ya Ufaransa na Ubelgiji na nyingine zenye mapokeo ya Uingereza. Kongo au Burundi, maelezo yaliyoandikwa na ofisa wa mashtaka yanaingia kwenye jalada na majaji wanayapima. Kenya, Uganda au Tanzania, karatasi hiyohiyo inaweza kupingwa kuwa ni maneno ya kusikia, kwa kuwa aliyesema hayupo kizimbani kuhojiwa na upande wa pili. Jumuiya iandae mwongozo mfupi unaomwambia ofisa wa Bukavu afanye nini ili kazi yake isimame Nairobi, na wa Kampala vivyo hivyo kwa Bujumbura. Pale inapowezekana, wakili wa utetezi aalikwe kwenye mahojiano ili amhoji shahidi hukohuko. Najua mashahidi wangu hawalipendi hilo. Lakini ushahidi uliokwisha kuhimili maswali ni vigumu kuutupa.

Vielelezo navyo vinahitaji mnyororo wa utunzaji unaoeleweka pande zote mbili za mpaka. Nani alikiokota, nani alikifunga, lakiri namba ngapi, kiligusa mikono ya nani hadi kikafika. Fomu moja ya kanda nzima inatosha.

Mashahidi

Nchi ndogo haina pa kumficha shahidi. Ukimhamisha mji, shangazi wa mshtakiwa anauza duka mtaa uleule. ICC yenyewe ilishindwa: Aprili 2016 kesi ya William Ruto na Joshua Sang, walioshtakiwa kwa ghasia za uchaguzi wa Kenya, ilisitishwa, na mmoja wa majaji akataja kuingiliwa kwa mashahidi na siasa kuwa sababu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa mashahidi tangu 2006, lakini sheria ya nchi moja inaishia mpakani.

Jumuiya ndiyo yenye uwezo wa kuufungua mpaka huo. Andikeni makubaliano ya kupokeana mashahidi. Yaseme nani analipa nauli na pango, mtu ataishi kwa kibali gani, watoto wataingia shule kwa cheti kipi, yeye atafanya kazi kwa jina lipi, na atarudi lini. Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010, na haki za kuishi na kufanya kazi zilizomo zinaweza kuwa mlango wa kumpitisha shahidi bila kumtangaza kuwa ni shahidi. Nilipoanza kulizungumza hili kwenye vikao niliambiwa ni jambo la usalama, si la sheria. Ni la sheria. Shahidi asiyejua watoto wake watalala wapi hafiki mahakamani.

Angalia Kavumu, Kivu Kusini, nchini Kongo. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike wapatao 40 walichukuliwa usiku majumbani mwao wakabakwa. Mwaka 2017 mahakama ya kijeshi ilihamia palepale Kavumu kusikiliza kesi, mashahidi wakafichwa nyuso na sauti zao zikabadilishwa, na mahojiano ya watoto yaliyorekodiwa kwa video yakatumika. Desemba mwaka huo wanamgambo 11, akiwamo mbunge wa jimbo Frédéric Batumike, walihukumiwa kifungo cha maisha. Ni mahakama ya nchi, ndani ya nchi yenye vita, na iliwezekana kwa sababu madaktari, wapelelezi na mawakili walikubaliana mapema jinsi ya kuwahoji watoto. Jumuiya iwachukue waliofanya kazi ile iwapeleke kuwafundisha wenzao. Mafunzo ya namna hiyo yana faida kuliko semina za siku mbili hotelini.

Kwa ushahidi wa video kutoka nchi nyingine, mambo ya kuandaa ni madogo na yote yanaweza kuvuruga kesi. Chumba kiwe cha mahakama au ofisi ya serikali, si nyumbani kwa mtu. Kamera imuonyeshe shahidi na mlango, ili jaji ajue hakuna anayemnong'oneza. Msajili wa huko awepo amwapishe na athibitishe kitambulisho. Mkalimani akae upande wa shahidi, kwa sababu sauti ikikatika upande wa mahakama, yeye bado ataendelea kumsikia. Vielelezo atakavyoonyeshwa vitumwe kabla, kwenye bahasha iliyofungwa na kufunguliwa mbele ya kamera. Mashine ijaribiwe siku iliyotangulia na saa moja kabla. Jumuiya inaweza kugharimia vyumba vichache vya namna hii katika miji yenye wakimbizi wengi.

Wakalimani waorodheshwe kikanda pia. Kesi za namna hii husikilizwa kwa lugha za vijijini ambazo mkalimani wake aliyesomea kazi hapatikani kila mji, na yule anayepatikana mara nyingi ni ndugu wa mtu fulani kwenye kesi. Wawe wawili kwa zamu. Hakuna anayeweza kutafsiri habari za mauaji asubuhi mpaka jioni akabaki sahihi.

Fedha

Kesi ya Habré ilikubaliwa bajeti ya euro milioni 8.6 kwenye mkutano wa wafadhili mjini Dakar Novemba 2010. Chad yenyewe ilichangia, pamoja na Umoja wa Afrika, Umoja wa Ulaya, Uholanzi, Marekani na wengine. Makubaliano kati ya Umoja wa Afrika na Senegal yalisainiwa Agosti 2012, vyumba maalumu, yaani vitengo vya majaji, vikaundwa ndani ya mahakama za Senegal, na rais wa chumba cha kusikiliza kesi alikuwa jaji kutoka Burkina Faso. Makubaliano ya 2013 yaliwawezesha mahakimu wapelelezi kwenda Chad kuhoji waathiriwa. Tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha. Kwa maoni yangu hakuna mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivyo jumuiya ikiisaidia mahakama ya nchi: hela zilikuwa mkononi na muda ulikuwa na mwisho.

Jifunze pia upungufu wake. Mahakama ya rufaa mwaka 2017 iliamuru fidia ya zaidi ya faranga za CFA bilioni 82 kwa waathiriwa 7,396, na mfuko wa kuzilipa uliachiwa Umoja wa Afrika. Waathiriwa wameendelea kuisubiri kwa miaka. Nchini Uganda, Desemba 2024, mahakama iliona Kwoyelo hana mali, ikaamuru serikali iwalipe waathiriwa wake. Ndiyo maana nasisitiza: mfuko wa fidia uundwe kabla kesi haijaanza, uwe na akaunti, bodi, na waathiriwa wenyewe ndani ya bodi. Ukiusubiri uje baada ya hukumu, wafadhili watakuwa wameshaondoka.

Uangalizi, na nchi isiyotaka

Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilikataa mwaka 2008 kuzirudisha kesi Kigali. Rwanda ilikuwa imefuta adhabu ya kifo 2007, lakini majaji walikuwa bado na hofu kuhusu kifungo cha upweke na usalama wa mashahidi wa utetezi. Sheria ikarekebishwa tena. Juni 2011 mahakama ilikubali kumhamisha Jean Uwinkindi, mshtakiwa wa mauaji ya kimbari, akapelekwa 2012, kwa sharti la waangalizi kuhudhuria kesi na haki ya kuirudisha kesi ikiharibika. Baadaye uangalizi huo ulifanywa na wanasheria kutoka Kenya. Sharti hilo liliboresha sheria ya nchi kuliko ambavyo barua za lawama zingefanya. Jumuiya nayo inaweza kutoa msaada wake kwa masharti: tunalipia wakalimani na ulinzi wa mashahidi, nanyi mnapokea waangalizi wawili wenye haki ya kuona jalada na kutoa ripoti hadharani.

Weka msamaha wa rais kwenye masharti hayo. Guinea ilimhukumu Moussa Dadis Camara, mtawala wake wa zamani wa kijeshi, tarehe 31 Julai 2024 kifungo cha miaka 20 kwa mauaji ya waandamanaji uwanjani ya 28 Septemba 2009. Machi 2025 akasamehewa kwa amri ya rais. Nafikiria waliosimama kizimbani wakamtaja kwa jina, ambao sasa wanajua yuko huru.

Pale serikali yenyewe ndiyo inayotuhumiwa, njia hupungua. Mahakama mseto ya Sudan Kusini, yenye majaji wa ndani na wa nje, imo kwenye mkataba wa amani wa 2015 na ule wa 2018, na Umoja wa Afrika ulipewa kazi ya kuiunda, haijaanza. Hapo mahakama za nchi nyingine wanachama ndizo za kutazamwa. Oktoba 2014 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba polisi wa nchi hiyo wana wajibu wa kupeleleza mateso yaliyotendwa Zimbabwe. Jumuiya inaweza kuwahimiza wanachama wake wafanye vivyo hivyo mtuhumiwa akivuka mpaka kwa matibabu au biashara.

Na mahakama ya jumuiya ina kazi yake nzuri hapa bila kugeuzwa ya jinai. Novemba 2007, katika shauri la Katabazi na wenzake, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema kwamba wanajeshi wa Uganda walioingia Mahakama Kuu na kuwakamata upya watu waliopewa dhamana walivunja misingi ya utawala wa sheria ya mkataba wa jumuiya. Jaji wa nchi akitishwa, mwendesha mashtaka akiondolewa kesi ikiwa katikati, au serikali ikikataa kutekeleza hukumu, fungua shauri hapo. Ila kumbuka ile miezi 2. Mwanzo wake uandike kwenye kalenda siku ileile tukio linapotokea, na hati ianze kuandaliwa wiki hiyo.

Unapoanza

Usiombe bajeti ya programu nzima mwaka wa kwanza. Tafuta kesi moja iliyo hai, yenye mashahidi katika nchi mbili au tatu za jumuiya, ambayo mwendesha mashtaka wake yuko tayari kukufungulia faili. Mkutanishe na wenzake wa nchi hizo kwa siku mbili, wakalimani wakiwepo, na wakili wa waathiriwa akiwa na kiti mezani. Wasisome hotuba. Wapitie orodha ya mashahidi jina kwa jina, wakiandika mbele ya kila mmoja yuko wapi, nani atamhoji, kwa lugha gani, na nani atalipia ulinzi wake. Ukitoka hapo utajua ni kifungu gani cha sheria kinakwamisha na ni shilingi ngapi zinahitajika, na ndipo uende kwa Baraza la Mawaziri na karatasi ya kurasa mbili.